Mahindi Yaliyonukia Sabuni

Jumatatu, 4 Machi
Yamefika ghalani kwetu! Malori thelathini ya mahindi, msaada wa serikali ya nchi jirani. Wilaya ya kwetu ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Mama anakula mlo mmoja kwa siku, halafu kwenye simu ananiambia kashiba. Kesho napima unyevu mbele ya maofisa wa jirani na kamera zao. Jioni hii nimefua kila kitu, hata kifuko cha kitambaa ninachobebea punje kutoka kwenye gunia hadi kwenye mashine. Na sisi tuonekane watu.

Jumanne, 5 Machi
Mkosi gani huu! Mwisho unaoruhusiwa ni asilimia kumi na tatu na nusu. Mashine imesoma kumi na saba. Gunia baada ya gunia. Mahindi mabichi huota ukungu, na ukungu unaua — nikazuia malori yote. Wageni wakaapa kwamba kwao yalitoka makavu. Nikakaza uzi.

Alhamisi, 7 Machi
Siku ya tatu leo malori yamesimama. Mama hapokei simu. Jirani yake anasema analala tu.
Sijui nimetenda haki au ukatili.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu wa makuli, mzee wa meno manne, kaingia ofisini na punje kiganjani, za magunia yale yale. Akang'ata moja mbele yangu — ka! "Mwanangu, punje mbichi hailii hivi."
Nikachukua zile nilizopima Jumanne, nikanusa. Sabuni! Kifuko changu! Nilikitumia hakijakauka.
Nimepima upya kwa bakuli kavu, gunia moja kila lori. Kumi na mbili. Kumi na mbili! Nikamweleza bosi ukweli wote. Akashika kichwa, kisha akaamuru geti lifunguliwe. Nimekaa chini nikalia kwa raha.

Jumapili, 10 Machi
Mama kala! Kapiga simu mwenyewe. Sauti imerudi, na ukali wake umerudi nao. Kawashukuru majirani waliotuletea mahindi, kamshukuru dereva, kamshukuru hata aliyeshona magunia. Halafu: "Ila huyo aliyeyazuia siku tatu, nikimtia mkononi atanitambua." Anajua nipo ghalani, hajui kazi ya kupima ni ya nani. Akauliza kama namfahamu mtu huyo.
Nimemwambia akae kwanza. Simu iko sikioni, naandika huku namsikia akivuta kiti —