Shusha Cheti Changu Ukutani

Nyamarambe,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako la kushoto linasemaje siku hizi? Na Mama, ameacha kuinua zile ndoo au bado anajifanya msichana? Mimi ni mzima. Nakula ugali na chinsaga, ile mboga chungu ya huku, kila siku mpaka sare yangu ya uuguzi inanibana, kwa hiyo usiisome barua hii ukidhani naumwa. Siumwi. Nimekasirika kidogo, na hilo halina dawa hapa dispensari.

Barua yako ilinifikia wiki tatu zilizopita. Ilikunjwa vizuri kama kawaida yako, na ndani mistari mitatu: “Mtii mzee wa watu. Msainie mtoto. Kuna ubaya gani?” Sikukaa kimya kwa kiburi. Kuna mambo yalitaka kutokea kwanza, na sasa yametokea. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe huanza na maombi na kumaliza na maombi, na katikati hunipi nafasi. Kwenye karatasi itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Najua uliandika baada ya Mzee Nyandoro kukupigia. Nambari yako aliipata kwa mkewe, Mama Kerubo, ambaye husalimiana na Mama kwa simu. Acha nikueleze huyo mzee ni nani, maana alichokuambia ni nusu ya habari. Ndiye mwenyekiti wa mashemasi wa kanisa letu. Matofali ya kanisa yalichomwa shambani kwake. Chumba ninamoishi kiko ndani ya boma lake, na nilipohamishiwa hapa bila kumjua mtu, sijui hata kuamkia kwa Ekegusii, yeye na mkewe ndio walionipokea. Ndizi zikiiva, Mama Kerubo huniwekea mlangoni. Kwa hiyo usidhani sijui ni nani niliyemkatalia.

Huku, Baba, karibu kila mtu ni Msabato au Mkatoliki. Sisi Wabaptisti tunatosha kwenye mabenchi tisa na nafasi inabaki. Jumapili tukipita na Biblia zetu, majirani walioabudu jana yake hutucheka: “Mmechelewa siku moja!” Tumezoea, na sisi tunawarudishia. Baada ya ibada mimi hubaki na darasa la wanaotaka ubatizo, watu wanane, wakubwa kwa wadogo. Nafundisha kutoka lile daftari nililonakili kwako nikiwa kidato cha pili. Kwamba mtu huokolewa kwa imani na maji hayamwokoi. Kwamba anayezamishwa ni yule aliyekwisha kuamini, akasema mwenyewe kwa kinywa chake. Kwamba kila mshirika ana sauti moja, mwenye ng'ombe na asiye na kuku, na kwamba kanisa la mahali hujiongoza lenyewe. Maneno ni yako, hata mifano ni yako. Yule towashi wa Kushi bado namsimulia kwa sauti yako, pale anapoyaona maji na kuuliza mwenyewe kinachomzuia asibatizwe.

Kwenye darasa hilo yumo Bibi Kwamboka, mjane asiyejua kusoma. Mwalimu aliyenitangulia alimwangusha mara mbili kwa sababu hakuweza kukariri. Mimi, badala ya kumkaririsha, nilimuuliza: maji yatakufanyia nini, Bibi? Akacheka mpaka akashika ubavu. “Hiyo maji itanilowesha tu, Sista. Yesu alimaliza kazi kitambo.” Nikamsainia pale pale. Kwetu hapa jina lisiposainiwa na mwalimu, mtu hasimami mbele ya washirika kuomba ubatizo.

Yumo pia Moraa, binti wa miaka kumi na saba, mjukuu wa Mzee Nyandoro. Baba yake alikufa, na anaishi bomani na babu yake, ambaye yeye humwita Sokoro. Nilipomuuliza swali ninalomuuliza kila mtu, umemwamini lini na unajuaje, hakujikunyata wala kuangalia chini.

“Mimi bado, Sista. Sokoro ndiye anataka.”

Sikumsainia. Huo ndio ugomvi wote, Baba. Hakuna kingine kilichofichwa.

Mzee alikuja mlangoni kwangu kesho yake, kofia mkononi. “Sista, jina ya Moraa haiko kwa karatasi.”

“Haiko, Mzee. Amesema mwenyewe kwamba bado.”

“Huyo ni mtoto. Mtoto anajua nini? Wewe kila siku unachanja watoto pale dispensari. Unawauliza kwanza kama wanataka?”

Nakiri alinipata vizuri, na nilikaribia kucheka. Nikamwambia, “Chanjo hufanya kazi hata mtoto akipiga kelele. Maji ya ubatizo hayafanyi kazi yoyote ndani ya mtu. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo mwezi wa kwanza nilipofika.”

Akasema ndugu zake wote watakuja Desemba, na ng'ombe amekwisha kumnunua. Nikasema ng'ombe ataliwa tu, ubatizo uwepo usiwepo. Hakucheka. Alizungusha kofia yake mara mbili, akaniambia akiangalia migomba: “Baba yake alitaka ubatizo, nikamwambia ngoja mwaka ujao. Ngoja mwaka ujao. Pikipiki ikamuua kabla ya huo mwaka. Mimi sirudii hiyo makosa.”

Nilimhurumia, Baba, nisikudanganye. Alipoondoka niliosha vyombo vilivyokuwa visafi na machozi yakinitoka. Mzee huyo amewaambia watu miaka mingi kwamba maji hayaokoi, na kumbe siku aliyomzika mwanawe moyo wake uliamini kingine. Lakini huruma ningemwonyesha kwa kukaa naye, kwa kulia naye. Kumchukua msichana aliyesema ukweli na kumfundisha uongo ili babu yake alale usingizi, hapana. Sikuweza, na leo pia siwezi.

Ndipo akakupigia wewe, nawe ukaandika. Hapo mlikosea nyote wawili, na nasema hivyo kwa heshima zote. Ukurasa wa mwisho wa daftari lako unasema kanisa moja haliamrishi kanisa jingine. Kura yako iko Voi, Baba. Hapa Nyamarambe huna kura, na Mzee Nyandoro anajua huna.

Mkutano wa washirika ukaitwa. Mzee alisimama akapendekeza darasa ninyang'anywe, kwa kuwa mwanamke anafundisha wanaume na amejaa majivuno. Majivuno ninayo, nitakubali. Lakini kijana wetu mchungaji, ambaye siku zote humwogopa Mzee, siku hiyo alipata ujasiri sijui kutoka wapi. Alisema kabla ya kupiga kura Moraa mwenyewe asikike. Moraa akasimama na sweta lake la shule. “Bado,” akasema. “Sitaki kudanganya Mungu mbele ya watu.” Akaketi.

Mikono ikainuliwa. Bibi Kwamboka naye akainua wake juu kabisa upande wangu, na katibu akamwambia kwa upole, “Shusha, Bibi. Bado hujabatizwa.” Watu wakacheka, naye akaushusha akinung'unika. Mimi wangu niliuacha juu. Walihesabu mara mbili, na darasa likabaki kwangu kwa tofauti ya mikono mitatu. Nilirudi bomani nikitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi, nikampita Mzee bila kumwamkia. Hilo silijivunii.

Sasa kaa vizuri kwenye kiti, maana habari inakuja kwako.

Kesho yake jioni Moraa alikuja kunisaidia kuchambua chinsaga. Tulikuwa tunazungumza mambo ya shule, kisha akaniuliza tu, bila ubaya wowote:

“Sista, wewe ulibatizwa ukiwa na miaka ngapi?”

“Kumi.”

“Na ulikuwa umeamini?”

Mikono yangu ilisimama kwenye majani. Moraa akaendelea kuchambua peke yake kwa adabu, kama hakuuliza kitu.

Unaikumbuka siku ile, Baba? Wageni wa kanisa walikuwa wanakuja kutoka mbali kuona matunda ya darasa lako. Ulikuwa umewaahidi watu wanane. Wawili walikwepa, ukaniingiza mimi. Ulijaza lile birika nyuma ya kanisa kwa ndoo tangu Ijumaa, maji ya Voi nawe wajua yanavyopatikana. Asubuhi ile ulikuwa ukinifunga vifungo vya gauni jeupe la dada yangu, refu mpaka nikawa nalikanyaga, ukaniambia: “Ukiulizwa, sema ndiyo.” Nikaulizwa. Nikasema ndiyo. Nilichokuwa nikiwaza wakati huo ni kwamba nikijikwaa na lile gauni mbele ya wageni utaaibika. Sikuwaza kingine. Yesu hakunijia akilini.

Nilikuja kuamini nikiwa na miaka ishirini na miwili, chuoni, peke yangu kitandani na lile Agano Jipya ulilonipa lenye jalada lililochanika. Nilipiga magoti nikalia. Sikumwambia mtu, kwa sababu kila mtu alidhani nilishaamini zamani. Ningeanzia wapi? Cheti kilikuwa ukutani kwako, kwenye fremu, karibu na saa.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya washirika kabla ya wimbo wa mwisho. Nikawaambia mkono wa Bibi Kwamboka ulishushwa kwa haki, na wangu pia ulipaswa kushushwa. Nikawaeleza yote: birika, gauni, wageni, na yale maneno yako. Ndiyo, nilikutaja. Sikukuita mwongo. Nilisema baba yangu alinipenda na alikuwa na haraka.

Mama mmoja akasema mambo ya zamani yaachwe, cheti kipo. Mzee Nyandoro akasimama, na nikajua sasa amepata fimbo ya kunichapa.

“Kwa hivyo Sista si mshirika,” akasema.

“Kwa jinsi nilivyofundisha, si mshirika.”

“Na darasa?”

“Mpeni mwingine. Mimi nitaketi kwenye benchi.”

Kwa kuwa ndiyo kazi ya mwenyekiti, akaniuliza mbele ya wote lile swali langu mwenyewe: “Umemwamini lini, na unajuaje?” Alipofika kwenye “unajuaje” alilazimika kuanza swali upya. Nilimjibu polepole, kwa yote niliyokuandikia hapo juu, naye akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Washirika wakapiga kura kunipokea kwa ubatizo. Mkono wake aliuinua wa mwisho, lakini aliuinua.

Usidhani tumepatana. Ndizi hazionekani tena mlangoni, na salamu yake ni fupi sana. Ila jina la Moraa halitaji tena, na ng'ombe anaendelea kunenepa.

Jumapili ya mwisho wa mwezi tutateremka mtoni Gucha, mimi, Bibi Kwamboka na wengine wawili. Bibi amekwisha kunitangazia kwamba yeye ataingia kwanza kwa sababu ametangulia darasani, na mimi nimpishe. Moraa atakuja kutushikia nguo kavu. Akitaka kubaki ukingoni mpaka azeeke, hilo ni lake na Mungu, na atakayemsukuma atanipita mimi kwanza.

Najua watakavyosema huko Voi. Mwalimu wa ubatizo miaka yote hiyo, na binti yake mwenyewe anarudia! Waache waseme. Usimpigie mchungaji wangu kumwomba anizuie, wala usimpigie Mzee Nyandoro. Nakupenda, Baba, na nina hasira nawe, na vyote viwili vimo kwenye barua hii. Sijayatupa uliyonifundisha. Niliyaamini, na ndiyo yamenifikisha hapa.

Ninakuomba kitu kimoja. Panda kwenye kiti, au kama goti linakataa mwambie kaka Mwakio apande, ushushe kile cheti. Usikichane. Kiweke ndani ya daftari lako, kwenye somo la tatu, lile la kuamini kwanza, usome kilichoandikwa hapo kwa mkono wako. Siku ile ulinipa jibu kabla sijaulizwa swali. Safari hii nimeulizwa.

Msalimie Mama, umwambie gauni nitalishona mwenyewe, la kimo changu. Msalimie kaka yangu Mwakio na mkewe, na yule mwanao wa mwisho anayejifanya hana muda wa kuniandikia. Shangazi Mkawasi mwambie aniombee kwa ile sauti yake kubwa, huenda nikaisikia kutoka huku. Bibi mzaa mama mshike mkono kwa niaba yangu, yeye hahitaji kuelezwa mengi.

Ni mimi bintiyo,

Wakesho,
mwanafunzi wa darasa la ubatizo