Nafuu ya Shangazi

Nyumbani, chumbani kwa Shangazi
Jumapili mchana

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, na za Shangazi aliyelala hapa kando yangu ninapoandika. Hujambo? Wifi ameshapona kile kikohozi? Na mapacha, bado wanagombania kitanda cha juu? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haina raha.

Nilikuambia kwa simu kwamba Shangazi anaumwa kidogo. Si kidogo, Kaka. Ulimi ulikuwa mzito, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua kwamba zahanati yetu ilimpokea mkandaji. Mganga mkuu, yule tunayemwita Bwana Ushahidi kwa kuwa haamini hata kama mvua imenyesha mpaka ipimwe, alitaka tujue kama tiba za ziada, kama kukandwa na mazoezi ya kupumua, zinawasaidia wenye maumivu sugu wakizipata pamoja na dawa zetu. Mimi nikapewa kazi ya kuwauliza wagonjwa: maumivu yakoje, unalala, unakula? Niliipenda kazi ile. Watu waliokwisha kuchoshwa na vidonge vyetu walikuwa wakitoka kwa mkandaji wamenyooka, wanataniana na wauguzi.

Shangazi akaja analalamika mgongo. Bwana Ushahidi alimpima mwenyewe, akakuta uvimbe kwenye titi, akampa rufaa ya hospitali kubwa siku hiyohiyo. Akamruhusu akandwe wakati anasubiri. Baadaye Shangazi akaniambia amekwenda, na wataalamu wamesema uvimbe si wa kutisha. Aliyasema hayo huku anakunja nguo, hata jicho hakupepesa. Majibu ya hospitali kubwa hayakutufikia, lakini huwa hayatufikii, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Kila nilipomuuliza, alikuwa na nafuu kuliko wote. Analala fofofo. Anamaliza sahani. Bwana Ushahidi akamtolea mfano kikaoni, nami nikavimba kichwa.

Mwezi uliopita akashindwa kuinuka kitini. Tulipomfikisha hospitali kubwa, mapokezi walisema hawajawahi kumwona. Ni saratani, Kaka. Imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, na daktari wa pale alisema hakuna tena cha kukata.

Sikumgombeza. Nilimuuliza tu kwa nini. Akageukia ukutani, akasema, "Mama yenu aliingia chumba cha upasuaji ananicheka uoga wangu. Nikarudi nyumbani na viatu vyake. Mikono ya yule mkandaji hainitishi, mwanangu. Na nafuu nilikuwa naipata kweli. Hapo sikukudanganya."

Hilo ndilo linaloniua. Tulimpima anavyojisikia, naye alijisikia vizuri, huku ugonjwa unamla polepole mbele ya macho yetu.

Kikao cha juzi kilikuwa kigumu. Wengine walitaka mkandaji aondolewe. Yeye mwenyewe alilia, akasema hatamgusa tena mgonjwa. Bwana Ushahidi alivua miwani, akaiweka mezani. Walipogeuka kunisikiliza mimi, nilishindwa kusema tiba ile haifai, maana wapo waliosaidika nami nimewaona. Nikashindwa pia kusema inafaa. Tangu hapo, mgonjwa akiniambia anaendelea vizuri, namwomba anionyeshe karatasi za hospitali.

Shangazi amemwita mkandaji aje hapa nyumbani. Mgongo hauguswi tena, mifupa imekuwa dhaifu, kwa hiyo anamkanda nyayo tu. Wakiwa wawili hivyo, Shangazi hutabasamu, nami hutoka nikasimama uani kwa sababu siwezi kutazama.

Amenikataza kukuita. Anasema utakuja likizo, atakuwa ameshapata nguvu za kukupokea mlangoni. Likizo ni mbali mno, Kaka. Sina namna nyingine ya kulisema.

Mpe wifi salamu zangu nyingi, na mapacha uwabusu. Mjomba fundi cherehani anakusalimu. Anapita hapa kila jioni, anakaa kitandani, miguuni pa Shangazi. Mungu akufungulie njia na akulinde ndani yake.

Ukimpigia Shangazi simu kabla hujafunga safari, atakuambia amepata nafuu. Usimsikilize. Njoo.

Mdogo wako nikupendaye siku zote,
Kitinda