Vibandiko Viwili na Pipa la Uyoga

Mshauri mpendwa wa safu ya Alhamisi, nakuomba msaada, na nakuomba pia unisome hadi mwisho kabla hujaniita mpumbavu, kwa sababu jina hilo nimeshajiita mwenyewe kila asubuhi ninaponyoa ndevu.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita, mmoja wa Wakarelia waliohamishwa wakati wa vita, mpaka uliposogezwa na vijiji vyetu vikabaki upande wa adui. Nilivushwa nikiwa na miaka sita, ndani ya behewa moja na ng'ombe wetu, na mama aliacha nyuma, kwenye ghala la chini ya sakafu, pipa zima la uyoga wa chumvi. Kila vuli mimi hujaza pipa langu mwenyewe, na nikiula uyoga ule kwa viazi vya moto ninakuwa nyumbani kwa muda wa sahani moja. Nina kisukari kwa miaka minane sasa, na mke wangu, nimwite Lempi, anacho kwa miaka kumi na tisa, naye ndiye mwangalifu: yeye hupima sukari, mimi hupima uyoga.

Mwezi wa Mei kituo cha afya kilituita sote wawili, tukapewa chupa za mkojo wa asubuhi na vibandiko vyenye majina yetu, na mimi nikaingiwa na hofu, maana kaka yangu Oskari alimaliza miaka yake mitatu ya mwisho akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na nilijua kwamba figo zangu zikionekana mbovu, kitu cha kwanza kuchukuliwa kitakuwa pipa, kwa ajili ya chumvi yake. Basi Lempi alipokuwa anachemsha kahawa nikabandua vibandiko, changu nikakitia kwenye chupa yake na chake kwenye yangu, nikapeleka zote mbili huku nikipiga mluzi.

Majibu yakaja. Mkojo wenye jina langu una protini. Mkojo wenye jina lake ni safi kama maji ya kisima. Unaona nilichofanya, mshauri? Figo zinazovuja ni za Lempi.

Muuguzi akaniambia, "Bwana, damu yako haina shida, lakini figo zimeanza kupitisha protini. Bahati nzuri tumewahi," na daktari akaniandikia kidonge cha presha. Nilipofika nyumbani Lempi alipiga makofi. "Nilikwambia, mzee! Wewe na pipa lako! Nitazame mimi hapa, figo za msichana!" Tangu siku hiyo ananipakulia viazi vitupu, na uyoga wangu anaula yeye, tena bila kuuloweka vizuri utoke chumvi, mbele ya macho yangu. "Kula viazi, mgonjwa," anasema, "huu nakula kwa niaba yako." Sukari anapima siku akikumbuka. Wiki ya tano hii nameza kidonge chake, kichwa kinanizunguka nikishuka kwenye benchi la sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, naye anaimba nyimbo za dansi jikoni, na sijamwona na furaha ya namna hii tangu tuoane. Sikukuu ya nabii Eliya, yenye dansi ya kijiji kila mwaka, ni wiki ijayo, na gauni la dansi ameshalishona. Nimwambie nimvunjie furaha yake, au nisubiri dansi ipite? Tafadhali nijibu kwa upole, maana safu yako huisoma yeye kwa sauti, mezani, mimi nikimsikiliza.

Mla Viazi, Karelia ya Kaskazini


Mla Viazi,

Nimecheka hadi miwani ikaanguka, kisha nikaivaa tena nikakasirika.

Figo ni chujio, mzee wangu. Sukari ikizidi kwenye damu mwaka baada ya mwaka, chujio linaharibika, na protini inayopaswa kubaki mwilini inaanza kupenya. Mwanzoni haiumi. Ndiyo maana mtu anaweza kuimba jikoni huku figo zake zinavuja, na ndiyo maana kuna chupa. Wewe ukaigeuza chupa kuwa mchezo wa karata.

Unaogopa kumvunjia furaha. Furaha ile umempa kwa kibandiko cha wizi, na kila siku anaila na chumvi.

Sasa sikiliza habari njema, maana ipo. Oskari alichelewa, mkeo amewahiwa. Katika hatua hii, sukari ikitunzwa na presha ikashushwa, hasa kwa aina ya kidonge unachokimeza wewe bure, ambacho huzilinda figo zenyewe, watu wengi huishi miaka mingi bila kuiona mashine ile. Na chupa moja si hukumu. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hata kazi ngumu ya jana yake huweza kuleta protini, kwa hiyo kipimo hurudiwa.

Mwambie Lempi siku hiyo hiyo utakayopokea barua hii, si baada ya dansi. Kisha mpigieni muuguzi simu mkiwa pamoja, bila kubakiza neno. Kidonge usimpe yeye, na juu ya kukiacha au kuendelea usijiamulie, wataamua wao. Na kama mnameza dawa za maumivu baada ya kupasua kuni, baadhi yake huziumiza figo: ulizeni kwanza. Uyoga uloweke, ubadilishe maji, kisha kijiko kimoja kila mmoja, si sahani, na vuli hii uugandishe kwenye friza badala ya kuutia chumvi.

Utasema pipa ni nyumbani. Lakini mama yako aliliacha pipa akakubeba wewe. Alijua kipi cha kubeba.

Jibu hili nalituma kwa posta leo Jumatatu. Gazeti linatoka Alhamisi, na umeniambia mwenyewe nani hulisoma mezani. Hesabu siku.


Nyongeza. Jumatano saa sita mchana simu ya ofisini iliita.

"Mshauri? Mimi ndiye mwenye mkojo."

Nikamwuliza hali yake.

"Ameniambia jana, amesimama mlangoni na koti lake, tayari kukimbia. Nimemchapa kwa taulo la sauna, nikalia kidogo, nikacheka sana. Tukampigia muuguzi, naye akacheka."

"Na dansi je?"

"Tunakwenda! Ila chupa mpya tunapeleka kesho, kabla ya dansi. Umeandika kazi ngumu inaharibu kipimo, na mimi sichezi dansi kivivu. Vibandiko nabandika mimi, huyu nitamfungia nje."

Nyuma yake sauti ya mzee ikapaa, "Mke wangu! Uyoga nimeubadilishia maji mara tatu!"

"Badilisha ya nne!" akajibu, na simu ikakatwa.