Shikamoo ya Kijiko

Jumanne. Mvua imekatika tangu alfajiri, lakini tope halina habari. Mgongo unaniuma, magoti yananiuma, hata chai sina hamu nayo. Kalamu sijawahi kushika. Mimi nasema, simu inaandika.

Mjukuu wangu Rehema anaendesha kijiko kidogo, ile mashine fupi ya kuzoa udongo. Yeye na wenzake wanafukua njia ya kupanda mlimani, hapa kwetu Kilosa, iliyofunikwa na maporomoko. Mchana nampelekea chakula. Akiniona tu, popote alipo, ananyanyua bakuli la mbele juu kabisa, na udongo wake ndani. Ndiyo shikamoo yake. Naitikia marahaba kwa sauti, wenzake wanacheka.

Wiki iliyopita alikuwa na kijiko cha minyororo, kisichotembea kwa matairi. Kile kimelala kama kenge, kinashika ardhi tumbo zima. Akininyanyulia bakuli kinatikisika kidogo, basi. Kimepelekwa Mikumi kwenye kazi nyingine, wakaletewa cha matairi. Kinakimbia, sawa. Kwenye lami ningekisifu. Lakini pale mlimani tairi moja likiingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, jingine linabaki hewani kama mguu wa mbwa anayekojolea uzio.

Leo tairi lilikuwa hewani hivyo hivyo, Rehema akaniona.

Bakuli likapanda, limejaa. Mashine nzima ikaanza kuinamia bondeni. Akalishusha haraka, mashine ikarudi chini kwa kishindo. Chakula sijui nilikiangushia wapi.

Aliposhuka nilimkumbatia kwanza, halafu nikamsema vizuri. Si yeye mwenyewe aliyenieleza kwamba mzigo ukiwa chini mashine inatulia, ukiwa juu inapinduka? Akajibu:

"Sasa bibi, nikupite kimya kama mbuzi?"

Nimemlea mimi. Alipokuwa mdogo akipita bila kuniamkia, nilikuwa namrudisha mpaka mlangoni aanze upya.

Nimechoka, jamani. Kazi haachi, na cha minyororo hakirudi karibuni. Akiniona, mkono wake unanyanyua bakuli wenyewe.

Kwa hiyo kesho sipandi. Chakula atabeba asubuhi. Nitakaa jikoni nisikilize ile mashine ikinguruma huko juu, na shikamoo yangu nitaidai jioni, akiwa amesimama mbele yangu kwa miguu yake miwili.