Mkono Aliouchora Mama

Kwenye benchi la fundi wa tatuu,
Jumamosi asubuhi.

Mpendwa Kaka Ngongoti,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto wazima? Bado unagonga kichwa kwenye milango ya watu? Mimi mwili mzima, moyo ndio unaokwenda mbio, na mwandiko unauona mwenyewe.

Mama hajambo, ila macho ndiyo yamekwisha. Daktari anasema kilichobaki ni mwanga na kivuli tu. Hatapaka rangi tena. Baba naye kashusha picha zote za Mama sebuleni, kazifungia stoo, eti hawezi kuzitazama wakati mwenyewe hazioni. Yule yule aliyekuwa akiuliza kila siku, "Sasa hiki ni nini?" na Mama anamjibu, "Rangi, mume wangu." Kuta zimebaki na misumari.

Nikasema liwalo na liwe, moja nitaibeba mwilini: ile ya mabaka ya buluu na mstari mweusi unaopita katikati yake bila kuyagusa. Fundi akainakili kwenye karatasi. Kila akiizungushia mkononi, mstari unakatika. Akaniambia, "Dada, mkono si ukuta, unazunguka. Angekuja mwenye picha akaichora upya hapa kwenye ngozi, mimi ningefuata."

Mwenye picha haoni, Kaka! Jana nilimwambia Mama jikoni, kwa woga. Akajifuta mikono kwa kanga. Kisha akasema, "Lete kalamu." Akaupapasa mkono wangu kuanzia kiwikoni, akachora, kidole kikitangulia na kalamu ikifuata. Mabaka mawili yamepandana, na mstari umepita juu yake. Si picha ile. Nakuapia ni nzuri kuliko ile.

Baba akaingia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema mwanawe hatatembea kachorwa kama ukuta wa stendi, na nikienda kwa fundi, nisirudi. Mama akamwambia, "Nimemchora mimi." Baba akatoka.

Sikuombi ruhusa. Barua ikikufikia maji yatakuwa yamekwisha kumwagika, na hayazoleki. Ninachoomba ni umpigie Baba, maana wewe ndiye anayekusikiliza. Mimi kwenye simu ningelia tu, ndiyo maana naandika. Naogopa, Kaka. Siiogopi sindano.

Wasalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao bado ana kichwa kigumu. Bibi anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mungu akufungulie kila mlango unaobisha.

Fundi ananiita. Sijakwambia hili: leo nikitoka, Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alinyoosha mkono tu. Nikamkabidhi ufunguo wa nyumba. Mama akauliza kutoka ndani mbona tumenyamaza hivyo. Baba akautia ufunguo mfukoni.

Mdogo wako akupendaye, hata usipojibu barua,

Kisirani