Vibanda Vilivyorudishwa Ziwani

Sanduku la Posta 14,
Pike Narrows, Ontario.
27 Machi 1989.

Mpendwa Mama mdogo Taimi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na hiyo mvua ya Vancouver? Sisi tu wazima, ila baba kikohozi hakijamwacha, na kahawa hataki kuipunguza. Asante kwa soksi, zimenitosha.

Mwanao Rauno yuko hapa. Namwita mwanao kwa sababu wewe ndiye uliyemnunulia kaka yangu kamera ya kwanza, ukatuharibia mtu. Unajua alikopita: matangazo ya sabuni, kisha miaka kumi na mmoja ya tamthilia ya polisi kule Toronto, hadithi za watu wengine, yeye kazi yake kuwaelekeza waigizaji tu. Sasa ana miaka arobaini na sita, na ndiyo kwanza amepewa filamu yake mwenyewe. Imebaki sehemu moja, gari likivuka ziwa lililoganda, katikati ya vibanda vya wavuvi wa barafuni. Barafu ikiyeyuka kabla hajaipiga, wenye filamu watampa mwingine aimalizie.

Hapo ndipo penye shida, mama. Vibanda vyote vilitolewa ziwani wiki mbili zilizopita, kama kila mwaka barafu inapoanza kulegea. Rauno ameagiza kumi virudishwe ili picha ipendeze. Na huku unakujua, hakuna asomaye mabango ya onyo. Watu husoma vibanda. Vikiwapo, barafu ni nzima. Juzi mwalimu mmoja mgeni alimpeleka mkewe huko kwa gari, wakanywa chai kando ya kibanda kitupu, wakarudi. Rauno akasema, "Mnaona? Mbona wao hawakuzama?" Amevirudisha mwenyewe, na sasa vinamdanganya hata yeye.

Baba alikwenda kutoboa barafu aipime. Ufukweni ni nene, lakini kwenye vibanda ni inchi saba, na gari hutaka kumi na mbili, tena imeanza kumeguka vijiti vijiti kama mishumaa. Alimwambia Rauno leo mchana tukila supu ya samaki.

"Baba, nimeshapiga picha na helikopta, nimepiga na mbwa mwitu. Barafu ndiyo itanishinda?"

"Helikopta ilikuwa na rubani," baba akasema. "Na mbwa mwitu wana akili."

Nilicheka peke yangu. Rauno akasema dereva wao amekataa, basi kesho saa tatu asubuhi ataendesha mwenyewe. Baba akamaliza supu yake, akafuta ndevu. "Nitaendesha mimi. Wewe kaa na kamera yako." Rauno akamkumbatia, akidhani mzee amekubali kwamba barafu ni nzima. Mimi sidhani hivyo, na usingizi sina.

Ningekupigia simu, lakini iko sebuleni na baba ameketi hapo. Barua hii ikikufikia mambo yatakuwa yamekwisha, kwa heri au kwa shari. Waombee hata hivyo.

Msalimie Mjomba Oiva, na Kerttu na wanawe. Mungu akuweke, na atuwekee hawa wawili.

Akupendaye daima,
Eila

Nilikuwa sijafunga bahasha. Nimetoka kuchukua kuni za sauna, bafu letu la mvuke, nikamkuta baba uani na spana, ameng'oa milango yote miwili ya gari. Kwetu hiyo hufanywa na mtu anayejua huenda akalazimika kuruka nje gari likizama. Rauno, mtoto wa ziwa hili hili, amemuuliza kama ni ili kamera ipate nafasi. Baba amemjibu ndiyo.