Yule Mwanamke wa Hadithi ya Rehema

Jumamosi. Mawingu yamekaa juu ya Kariakoo tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Jasho tu.

Nina mashaka na Rehema.

Rehema anauza vitenge, mimi nauza nyuzi na vifungo, na tunaishi jengo moja, yeye ghorofa ya juu yangu. Wote tunaandika hadithi fupi. Jumamosi moja moja tunakutana na wanawake wengine wachache pale mtaa wa Gerezani, tunasomeana. Leo ilikuwa zamu yake.

Kaandika juu ya mwanamke wa Kariakoo ambaye dirisha lake linatazama ukuta. Chini mtaa umejaa watu hadi hapapitiki. Yeye anafua mashuka yaliyo safi, apate sababu ya kupanda kuanika juu ya paa, ambako wanawake wenzake wanapiga soga. Ananunua kiberiti ilhali anacho, ili muuza duka amwambie "karibu, dada." Neno upweke halimo kabisa kwenye hadithi. Halikuhitajika.

Ukuta ule ni wangu. Mashuka ni yangu. Hata kiberiti.

Nani kamwambia? Nikakumbuka nilipougua malaria akaniletea uji, akakaa kitandani kwangu mchana mzima. Kumbe alikuwa ananikagua?

Wenzetu walisifu sana. Wakasema chumba chenyewe kinaongea, na mhusika unaweza kumsalimia njiani. Mimi nikasema mwanamke wa hivyo hayupo, katungwa tu. Rehema akainamisha kichwa, akakunja karatasi zake.

Tulirudi kwa miguu, tukipita kwenye maduka ya vipuri, kila mtu na lake moyoni. Mwishowe nikashindwa. Nikamuuliza kwa nini kaniandika bila kuniomba.

Akasimama katikati ya watu.

"Nikuandike wewe? Zuhura, yule ni mimi. Wewe kila nikipita mlangoni kwako nasikia watu wanaongea. Huwa natamani kubisha hodi, naogopa kuwakatiza."

Ilinichukua muda kumwelewa.

"Ni redio," nikamwambia. "Naiacha inaongea hata nikitoka."

Hakucheka. Alinitazama vile nilivyokuwa nikimtazama mimi, kama mtu anayepima kama ni uongo. Kisha akanishika mkono, tukavuka barabara ya mabasi ya mwendokasi, tukaenda hivyo mpaka kwenye ngazi.

Sasa nimekaa nawaza. Labda kasema kweli. Labda kaona nimekasirika akatunga haraka, kutunga anajua. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba miaka yote hii nimemwona ana marafiki, ana wateja, ana kicheko, na sikuwahi kujiuliza akifunga mlango anabaki na nani.

Jumapili maduka yetu yote mawili hayafunguliwi. Nitapanda kwake asubuhi, mikono mitupu, bila kisingizio. Akiniuliza nimefuata nini, nitasema nimemfuata yeye.